Mkonge wa Kaburi la Babu

Watu wa mtaa wa Manundu wanamwita Evodia masalia. Neno limetoka kwenye kusalia: mkataba wa kukata mkonge ulipoisha, wenzi wa babu yake walirudi kwao Songea, yeye akabaki Korogwe. Alipokufa alizikwa pembeni mwa shamba, na wanawe wakapanda mche wa mkonge kuwa alama ya kaburi. Mkonge, katikati ya mkonge! Akili gani hiyo?

Leo trekta linang'oa shamba lote lipandwe upya. Evodia anakimbia huku na huko, kanga inamvuka, na kila mche unafanana na mwenzake.

"Mama, ni upi?" dereva anauliza, injini ikinguruma.

Evodia anaukumbatia ulio karibu, miiba ikimchoma kifuani.

"Huu," anasema. Hana hakika hata kidogo.