Akiki Kwenye Sinia

Acheni nijicheke kwanza mwenyewe, nanyi mtanisaidia baadaye. Ijumaa iliyopita baba yake Zaituni aliniita kula kwake, hapa Kasongo, anipime kama nafaa kuwa mkwe. Nikavaa pete ya akiki mkono wa kulia, kama wazee wetu msikitini. Jiwe nililipata Lusangi: jekundu kama kaa la moto, na mistari myeupe ndani yake kama moshi uliosahau kupanda. Nililibandika mwenyewe kwa gundi ya viatu.

"Baba, hii akiki iko ya babu yangu," nilidanganya, tumezunguka sinia la wali. "Jua likiingia humu, halitaki kutoka."

"Na jiwe inashika muzuri?"

"Hata nyundo haiing'oi!"

Nikaendelea kuchota wali wa moto kwa mkono uleule, nikihubiri uzuri wa akiki, mpaka Zaituni akaanza kunikoholea kutoka mlangoni. Nikadhani ameguswa na maneno yangu. Nikanyoosha kidole nimwonyeshe baba mstari mwembamba kuliko yote. Kwenye pete palikuwa na shimo, na punje moja ya wali ndani yake.

Hapo ndipo baba alipoacha kutafuna. Akatema kiganjani, akapangusa taratibu, akainua kiganja kwenye mwanga wa dirisha.

"Kweli iko muzuri, mutoto yangu," akasema, maneno yakipita kwenye pengo jipya. "Hii nyekundu iko ya babu yako. Hii nyeupe iko yangu."