Kadi Mia Nne na Kumi na Mbili

Mwaka 1975 Budeba alipanda basi Mbeya akiwa amepakata sanduku la kadi mia nne na kumi na mbili, na furaha imemjaa hadi chai ya asubuhi ilimshinda. Semina ya watunza kumbukumbu, Iringa! Yeye, mtoto wa wafugaji wa Usangu, ambaye baba yake aliiita kazi yake "kutoboa makaratasi"!

Mzee hakukosea sana. Kila kadi ilikuwa ya ng'ombe mmoja: mchoro wa mabaka yake, na matundu pembezoni. Tundu hili kijiji, lile rangi, lile sikio lililokatwa. Ng'ombe akiwa na sifa hiyo, Budeba hulikata tundu lake kwa mkasi hadi ukingoni. Akimtafuta, hupitisha spoki ya baiskeli kwenye tundu hilo la kadi zote, akainua, akatikisa. Zilizokatwa huanguka zenyewe. Mkuu wake ofisi ya mifugo, Bwana Anyitike, alikuwa amemwambia waziwazi: "Wakikucheka huko, kadi zako nawashia jiko. Tunarudi kwenye daftari."

Basi liliposimama Igawa, sanduku likamponyoka mlangoni. Kadi zikatapakaa lami nzima. Abiria, wauza vitunguu, hata dereva, wakainama kuokota huku wakimpa pole. Budeba anacheka tu.

"Msihangaike kuzipanga! Hizi hazina mbele wala nyuma!"

Wakamwona kachanganyikiwa. Ila alipohesabu ndani ya basi, zilikuwa mia nne na kumi na moja, na kicheko kikamkauka. Akatoa spoki. Idadi ya ng'ombe wa kila kijiji, kwa rangi na kwa masikio, alikuwa nayo kichwani, basi akatikisa na kuhesabu, abiria wakikinga mapaja kupokea zinazoanguka. Kijiji kimoja kikapungukiwa ng'ombe mmoja. Akatikisa tena kwa rangi, kisha kwa masikio. Kabla ya Makambako akawa ameshamjua: jike jeupe, sikio la kushoto limekatwa.

"Ng'ombe wa Mbuke!" akapiga kelele.

Kiti cha nyuma mama mmoja akakohoa. Alikuwa anakwenda Iringa kumwona binti yake aliyejifungua.

"Ndiyo mimi. Nimemkuta chini ya gurudumu. Hii ng'ombe yangu, nimuache barabarani?"

"Mama, hiyo ni kadi tu."

"Baka la begani ni lake, mwanangu. Anakwenda na mimi."

Basi zima likaangua kicheko. Hakutoa ng'o, ikabidi Budeba amwombe aende naye semina.

Mkufunzi, Ndugu Edmund, alikuja na picha za kompyuta kubwa kuliko kabati. Alipoona kadi zilivyovurugika akatabasamu kwa huruma.

"Ndugu, hata kuzipanga hukuweza?"

Budeba alikuwa analiona jiko la Anyitike. Akamwomba Mbuke kadi yake, naye akaitoa kifuani shingo upande. Edmund akaichomeka mwenyewe katikati ya rundo, akazichanganya kama karata.

"Mtafute."

Spoki, kijiji. Spoki, rangi. Spoki, sikio. Ikaanguka kadi moja, peke yake.

Ukumbi ukalipuka makofi, na Edmund akaomba kushika spoki. Budeba, kichwa kinamzunguka kwa furaha, akainama aiokote ile kadi aionyeshe. Sakafu tupu. Mbuke alikuwa ameshafika mlangoni, akimfuta ng'ombe wake vumbi kwa ncha ya kitenge.

"Nakwenda kumwonyesha mjukuu," akasema. "Nimempa yeye huyu ng'ombe."

Budeba aliporudi Mbeya, Anyitike alizihesabu kadi mara mbili, akauliza ng'ombe mmoja yuko wapi.

"Yuko Iringa, mzee," Budeba akamjibu. "Amekwenda kumpokea mmiliki wake mpya."