Boneti Ilikuwa na Joto

Kabla geti halijafunguliwa, niliisikia injini. Ilikuwa ikinguruma taratibu nyuma ya ukuta wa mawe, kama paka aliyeshiba. Kisha ikazimwa. Fundi niliyekuja naye kutoka mtaa wa Huruma, mwanamke wa rika langu mwenye ovaroli yenye madoa ya oili, akanitazama.

"Si uliwaambia wasiliwashe gari?"

"Nilimwambia mama mwenye nyumba mara mbili kwa simu."

"Basi hiyo imeamka kitambo, dada."

Nilihitaji gari kabla ya Jumatatu. Nilikuwa na karavani kuukuu, kibanda cha magurudumu cha kukokotwa na gari, niliyoinunua katika shamba moja karibu na Moi's Bridge, ambako kuku walikuwa wametaga ndani yake kwa miaka. Niliisugua, nikaipigilia rafu, nikaijaza vitabu vya kuuza. Nilikuwa nimepata nafasi kando ya barabara kule Chepkoilel, wiki ambayo wanafunzi wanaripoti chuoni. Nisingefika Jumatatu, nafasi ingepewa muuza magodoro.

Gari dogo lisingefaa. Kwenye mteremko karavani ingelisukuma kama ng'ombe anavyomsukuma ndama. Nilitaka gari la dizeli, zito kuliko karavani, linalovuta kwa magurudumu yote manne matope yanapoanza, na ambalo vipuri vyake vinapatikana mjini. Tena kwa bei ya mtu anayeishi kwa kuandika. Yalibaki mawili: pikapu ya mkulima wa Moi's Bridge, yenye mlango mmoja wa rangi tofauti, na hili, lililong'aa kwenye picha. Moyo wangu ulikuwa kwa hili.

Geti likafunguliwa, nikamwona mwenye gari. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyeongoza kikundi chetu cha waandishi.

Miaka miwili nyuma aliniacha kwenye benchi la nje asubuhi nzima, wenzangu wakisoma kazi zao ndani. Aliponiita, aliufungua mswada wangu kwenye ukurasa mbaya kuliko zote, akausoma kwa kuiga lafudhi yangu, akaufunga. "Kitabu kina bidii," akasema, "lakini hakina pumzi." Wakacheka. Nilipotoka mtu aliufunga mlango nyuma yangu, na kicheko kikaendelea ndani. Tangu siku hiyo nimelala na sentensi ile na kuamka nayo.

Hakunitambua.

"Karibu, binti. Gari ndilo hili. Ukiligusa tu, linaitika."

Niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa na joto kama ukuta wa jikoni.

"Mzee, tutangoja lipoe."

"Lipoe? Kwani ni chai?"

"Injini ya dizeli hupimwa ikiwa baridi. Ikiwa na joto huficha ugonjwa wake."

Nikaketi kwenye ngazi ya veranda yake, nikakunja mikono. Baridi ya Eldoret ilikuwa upande wangu, lakini sikutaka ifanye haraka. Alitazama saa. Alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi. Kila alipotazama saa tena, nililikumbuka lile benchi, na utamu ukanipanda kooni.

Fundi aliingia chini ya gari.

"Unaona nini?" nikauliza.

"Kutu kidogo. Imepakwa rangi juu."

"Sema kwa sauti, mama asikie."

Mkewe alikuwa ameketi karibu nami na chupa ya chai. "Imepakwa lini?" akauliza.

Saa mbili zilipopita, fundi aliugeuza ufunguo. Injini ikaguna, ikaguna, ikanyamaza. Mara ya tatu ikashika, ikatema moshi mweupe uliofunika mashuka yaliyoanikwa.

"Si nilikwambia usiliguse asubuhi!" mkewe akamfokea mzee.

Fundi akaninong'oneza, "Ni plagi za kupasha injini tu. Nikibadilisha, linavuta karavani yako mpaka bondeni Kerio na kurudi. Chukua."

Nilijua anasema kweli. Mswada wangu pia ulihitaji kurekebishwa sura mbili tu, na mtu aliyefundisha fasihi maisha yake yote hangekosa kuliona hilo. Nikamgeukia mzee, nikatumia sauti yake mwenyewe, ile ya polepole.

"Lina bidii, Mzee, lakini halina pumzi."

Kikombe cha chai alichomiminiwa na mkewe kikasimama hewani.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Kwa hivyo hukuja kununua."

"Nilikuja na pesa, Mzee. Nikakuta boneti ina joto."

"Nitapunguza bei."

"Usipunguze."

Fundi akanifinya mkono. "Wacha kuringa! Na Jumatatu je?"

Nikampigia mkulima palepale, sauti ikiwa juu ili wote wasikie.

"Pikapu bado ipo?"

"Ipo. Sijaiwasha tangu juzi. Njoo uiwashe mwenyewe. Ule mlango mwingine lakini utafunga na kamba."

"Nitafunga na kamba," nikasema.

Kisha nikamwambia mzee kwamba nyumba yake haiko njiani kwenda Chepkoilel, ila Jumatatu asubuhi nitazunguka nipite hapa na karavani. "Utaisikia kabla hujaiona."

Mkewe alikuwa akiyaanua mashuka, akiyanusa moja moja. Mzee alitufuata hadi getini. Tulipita kwenye mlango mdogo wa geti, nikatembea polepole, nikisikiliza kama kuna mtu anayecheka ndani. Nilisikia tu mlango ukifungwa nyuma yetu, na komeo.