Kanzu ya Hariri ya Mama

Ipo siku moja, mwanangu, inayonirudia kila nionapo sufuria ya nguo ikichemka. Zilikuwa zama za Mwingereza, nami nimeolewa Chumbageni, miezi michache tu, nikikaa nyumba moja na mavyaa wangu, mamake mume wangu.

Mama yangu alifariki tungali wadogo, mimi na mdogo wangu Mwanaidi. Alituachia kanzu moja ya hariri, ya zambarau, yenye tarizi shingoni, aliyoolewa nayo. Nami niliolewa nayo. Sasa zamu ilikuwa ya Mwanaidi, aliyekuwa Moa kwa bibi yetu mlezi.

Kanzu ilikaa sandukuni hata ikashika uvundo, na doa kifuani. Bibi alikwisha kuniusia: "Hariri ya zamani haipigwi jua wala haisuguliwi. Itundike kivulini ipate upepo. Ukiifua, maji baridi na sabuni kidogo, na ujaribu kwanza upindo wa ndani. Usiikamue. Ikikauka, ifukize udi kwa mbali."

Basi nikaitundika uani, kivulini, nikaenda bombani kuteka maji. Niliporudi, nikamkuta mavyaa kainamia sufuria, anakoroga kwa kijiti.

"Nimekupunguzia kazi, binti," akasema, uso umemkunjuka. "Ilikuwa inanuka. Nimeitia magadi, ichemke itakate."

Maji yalikuwa ya zambarau. Nilipoivuta, bega likabaki mkononi mwangu, iliyosalia ikazama. Mavyaa akashika kichwa, akalia kuliko mimi. Alitaka kutenda wema, maskini. Lakini wema usiouliza nao huunguza.

Mwanaidi alipofika hakutaka kusikia habari ya mavyaa wala ya magadi.

"Wewe uliivaa," akaniambia. "Mimi je?"

Akaolewa na kanzu ya kuazima. Tangu hapo tukawa watu wa kuamkiana misibani, basi. Nilimpelekea salamu, nikampelekea watoto wangu wakamwamkie; aliwapokea wao, mimi hakuniuliza. Mwaka jana tumemzika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo nisikilize. Nguo ya kale usiifue kama shuka. Ijue kwanza ni hariri, pamba au sufu. Magadi na maji ya moto ni ya vikoi vya kazi. Harufu nyingi huondoka kwa upepo na udi tu, na doa likikataa kutoka, liache, halimdhuru mtu. Nguo ya mwenzio, hata inuke vipi, usiiguse hujamuuliza. Kuuliza si ujinga. Na ndugu yako akikwambia jambo halikuwa la mkono wake, msikilize angali hai.

Mola akupe mkono mtaratibu na moyo mwepesi wa kusamehe, akujaalie ndugu mtakaozikana mkiwa mmepatana. Amina.