Kitabu Alichokifunga Bibi

Juzi mjukuu wangu, hapa nyumbani Tangini, katupa riwaya ya watu kochini. "Bibi, imenishinda. Nimefika katikati, basi." Mwenzangu, nilitaka kumkemea, nikajikumbuka. Nina uso gani mimi wa kumkemea aliyeacha kitabu njiani?

Nililelewa Kisarawe na bibi mzaa mama, enzi za Mwingereza. Mjomba wangu, mtoto wake wa kiume wa pekee, alichukuliwa askari akapelekwa Burma. Vita vikaisha, wenzake wakarudi na makoti yao mazito, yeye kimya. Kijijini kwetu barua ya serikali ilikuwa imekuja mara mbili, na mara zote mbili tulikwenda matangani.

Nyumbani, msomaji wa herufi za shule nilikuwa mimi tu. Bibi alisoma msahafu vizuri, hizi nyingine hakuzijua. Mwalimu wetu akaniazima riwaya, habari za kijana aliyekwenda kutafuta maisha ng'ambo akamwacha mama yake. Kila alasiri, kisamvu kikitokota jikoni, bibi alikaa uani akisuka ukili wa mikeka, miyaa ikichakarika vidoleni, mimi nikimsomea kwa sauti. Na lazima nitawadhe kwanza! "Kitabu ni kitabu, mke mwenzangu," alinitania. Kikifunguliwa, alisema, sharti kikhitimiwe, na jogoo wa khitma alikwisha kumchagua, yule mwekundu mkorofi. Mama wa kitabuni akilia, bibi aliacha kusuka. "Atarudi huyo. Atarudi tu, inshallah." Nilijua vizuri anamsema nani.

Nami sikosi kiherehere. Siku moja nilichungulia kurasa za mwisho. Kijana anafia ugenini, mama anapewa habari yuko kisimani. Nililia mpaka nikapaliwa. Alasiri ile nikaanza kutunga yangu: kijana kapanda meli, kijana kaona minazi ya kwao. Bibi akanitazama usoni.

"Mbona macho yako hayatembei?"

Nikanyamaza. Lo, kunyamaza kule! Heri ningeongeza uongo wa pili. Bibi alikichukua kitabu taratibu, akakifunga, akakibusu kama anavyobusu msahafu, akaniambia nikakiweke darini. "Tuishie hapa. Usiposoma, hajafa." Mwalimu nilimwambia nimekipoteza, akanichapa, wala sikuona uchungu.

Miezi michache baadaye tarishi wa boma alileta bahasha. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, asinipe.

"Bibi, nikusomee?"

"La. Kaiweke na mwenzake."

Nikapanda ngazi, nikaiweka. Hatukuizungumza tena. Alisuka ukili wake, alikoroga uji wake, na kila Idi alimshonea mjomba kanzu mpya akaikunja sandukuni. Watu wakimuuliza, alijibu, "Yuko njiani." Mimi nilidhani kumtii ndiko kumhurumia. Mtoto, nilijua nini?

Bibi alifariki mwaka wa tatu tangu bahasha ile ije. Baada ya arobaini yake nilipanda darini, nikaifungua. Haikuwa ya serikali. Ilikuwa ya mjomba, kaandikiwa na askari mwenzake hospitalini. Yu hai. Wamemkata miguu yote miwili, anaona haya kurudi kuwa mzigo. "Mama, kama unanitaka hivi nilivyo, nijibu, nitakuja hata kwa kubebwa. Nisipopata jibu nitaelewa."

Nilijibu siku ile ile, machozi yakichafua wino. Barua yangu ikarudi. Nikaandika nyingine, nayo ikarudi, na bomani wakaniambia hospitali ile ilikuwa ya wakati wa vita, haipo tena.

Nyumba yetu ya Kisarawe ilishabomoka, ua umeota magugu, na miyaa siku hizi hakuna anayeisuka pale. Hayo nimeyalilia yakaisha. Lisiloisha ni hili moja: bibi yangu alikufa akimngoja mwanawe, na mwanawe, popote alipozikwa, alikufa akiamini kwamba mama yake hakumtaka.