Mkono wa Mama na Mikaratusi Yangu

Mama yangu alikuwa na mkono wa kupanda: alichopanda hakikukosa kuota. Kijijini kwetu Kasokola, mvua za kwanza zikishanyesha, majirani walimwita aje awaanzishie mstari: adondoshe mbegu chache za mwanzo, ndipo wao waendelee. Alirudi amechoka, anajisifu mpaka unamkimbia.

Mimi nilipanda mikaratusi mpakani mwa shamba letu, nikitaka nguzo na kuni za kukaushia tumbaku. Ikarefuka upesi, nami nikatembea kifua mbele. Upande ule ndio aliopenda mama kupanda karanga, kwa sababu ya kivuli cha kupumzikia. Msimu mmoja zikaota mojamoja, za njano, zimedumaa. Msimu wa pili vilevile. Wa tatu nikapandwa na hasira. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mama. Nilisimama katikati ya watu waliokuja kutusaidia nikasema, "Mama, mkono wako umekufa. Kaa nyumbani umenye karanga, tupande sisi."

Hakuna aliyecheka. Mama alinipa kopo la mbegu, akapangusa viganja kwenye khanga, akaondoka. Tangu siku ile hakuna jirani aliyemwita tena.

Mwaka huu upande ule nilipanda karanga mwenyewe. Zikaota za njano kama zake. Bwana shamba alipopita nikamlalamikia kwamba mbegu ni feki. Yeye akatazama juu, kwenye miti. Akasema mizizi inakunywa maji yote, na majani yanayoanguka yanaacha kitu udongoni kinachozuia mbegu nyingine zisiote. Nilimwona mwongo. Tangu lini mti ukawa na roho mbaya? Akaniambia nijaribu mwenyewe.

Nikachukua mabeseni mawili mabovu. Moja nikajaza udongo wa chini ya mikaratusi pamoja na majani yake, jingine udongo wa katikati ya shamba. Maharage yaleyale, maji kikombe kimoja kila beseni, kila asubuhi. La udongo wa katikati lilijaa kijani. Kwenye la pili yalitoka maharage mawili tu, yamejikunja. Niliduwaa. Mabeseni yote mawili niliyapanda kwa mikono hii hii. Sumu ile niliileta mimi, nikaipalilia, nikajivunia.

Nikabeba mabeseni hadi jikoni kwa mama, nikamweleza. Nikamwomba msamaha. Nikamwomba kesho aje atuanzishie mstari wa maharage.

Aliyaangalia mabeseni, akagusa jani moja la njano kwa kidole.

"Kumbe," akasema. Kisha akaniangalia mimi. "Ulinisema shambani, mbele za watu. Leo unakuja kuniambia jikoni."

Akavuta ungo wake, akaendelea kumenya karanga.