Majina Hayaitwi Chemchemini

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Misitu wa Wilaya hakuniuliza jina. Alinipa jembe, akanionyesha kitalu cha Terrat, akasema, "Kuanzia leo wewe ni Bibi Miti." Nilicheka kwa adabu, maana nilikuwa na cheti na viatu vipya. Nyinyi vijana mnanunua miche barabarani kama maandazi; sisi tulijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea, mpaka kucha zikabadilika rangi. Jina lile likaniganda.

Baadaye nilihamishiwa juu, kwenye miteremko ya Meru, kulinda vyanzo vya maji. Tuliweka bikoni, yaani nguzo fupi za zege za kuonyesha mpaka, ili mtu asilime karibu na maji. Chemchemi moja haikuhitaji bikoni. Ilizungukwa na mikuyu mikubwa, na hakuna aliyethubutu kuvunja hata tawi. Mzee Mbise, ambaye ukoo wake ndio ulioitunza, aliniingiza mwenyewe na kunipa sharti moja.

"Humu hatuitani majina, mwanangu. Ukimhitaji mtu, piga mluzi."

"Kwa nini, mzee?"

"Wamo wasio na majina. Wakisikia la kwako, watalichukua."

Mimi ni Mlutheri, binti wa mwinjilisti. Hata hivyo nilipiga mluzi miaka yote, na maji hayakukauka hata kiangazi. Mila na sheria zililinda kitu kimoja, nami sikuona sababu ya kuzigombanisha.

Kisha likaja agizo la kuunganisha utamaduni na mazingira: kila mwananchi apande mti wa asili na kuupa jina lake. Agizo zuri, nasema hivyo mpaka leo. Afisa Utamaduni akachagua chemchemi ile ile. Nilipomweleza sharti la Mzee Mbise, alitabasamu.

"Bibi Miti, serikali inazungumzia utambulisho wa taifa. Mtu asiye na jina ana utambulisho gani?"

Tulikusanyika asubuhi, jua limewaka, wanakwaya na sare zao. Mzee Mbise alibaki nje ya mikuyu, akatupa mgongo. Afisa akashika kipaza sauti, akaanza kuwaita wapandaji mmoja mmoja kwa majina.

"Tumsifu!"

"Abee," sauti ikaitika kutoka mikuyuni.

Tumsifu, mwanakwaya mmoja, alikuwa amesimama ubavuni mwangu, mche mkononi, midomo ameifumba. Watu wakacheka, wakasema ni mwangwi. Mwangwi hurudisha ulichosema, hauitiki abee. Niliogopa, sioni haya kusema. Nikamvuta Afisa koti, akanisukuma kwa kiwiko.

"Elirehema!"

Hilo ni langu. Niliitika "abee" kwa nguvu zangu zote, hata kabla hajalimaliza. Nilisikia sauti mbili, zote za kwangu, na sikujua ipi iliyotangulia. Nikachomoa waya wa kipaza sauti. Barua ya onyo niliyopewa sijaijutia.

Tumsifu hakuugua. Ila tangu siku ile ukimwita kwa jina, hageuki. Mumewe alidhani ni kiburi. Hospitali wakasema masikio ni mazima. Ukimwita Mama Eliya, anakuja mbio. Nilimuuliza kama hasikii.

"Nasikia," alisema. "Ila nasikia anaitwa mtu mwingine."

Basi nikalificha la kwangu. Ofisini nilikuwa Bibi Miti, nyumbani Mama Neema. Siku ya kuniaga, nilimwomba Mkurugenzi ataje cheo tu. Watu wakasifu unyenyekevu wangu.

Sasa nimestaafu, tunaishi juu kidogo ya Usa River, tuna kahawa na migomba yetu. Vijana mnaoingia kazini, pandeni miti, wekeni bikoni, timizeni maagizo. Lakini mkifika mahali penye wenyewe, ulizeni kwanza watu wa hapo wanaongeaje. Mkataa pema, pabaya panamwita.

Juzi Baba Neema aliamua kunitania. Alisema kazi imeisha, Bibi Miti hayupo tena, na yeye anataka kumwita mkewe kwa jina alilomwoa nalo. Nilimkataza. Nikaingia jikoni kukoroga loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, mlango wazi.

"Elirehema!" akaita kutoka uani.

Nikafumba midomo. Kisha nikasikia hatua zake zikielekea shambani, mbali na jiko.

"Sawa, nimekusikia," alisema, akicheka. "Huko migombani unatafuta nini? Ngoja, nakuja."